Yule wa manjano ni yupi? Kutambua rangi za sikilidi kwenye tangi la nyumbani

Mwaka juzi nilinunua samaki sita Mombasa, wadogo kama kidole gumba, wote buluu wenye mistari myeusi iliyosimama. Niliwaleta Malindi kwa matatu, mfuko wa nailoni mapajani njia nzima. Miezi minne baadaye mmoja akaanza kuchujuka. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, huyu mgonjwa, anageuka manjano." Nikamtenga, nikamtilia dawa, hela zikaenda. Kumbe hana ugonjwa wowote, amebalehe tu. Alikuwa dume la kenyi (Metriaclima lombardoi), na kwa kenyi jike ndiye wa buluu, dume huvaa manjano. Tangu siku hiyo rangi naiangalia mwisho.

Kama sikilidi ni jina geni kwako, hawa ni ukoo mmoja na sato na perege unaowala, na furu wa Ziwa Viktoria. Hapa nitawazungumzia zaidi mbuna, wakaa miambani wa Ziwa Nyasa.

Hatua ya 1: Rekebisha mwanga, kisha uondoke

Zima ile taa ya buluu. Inapendeza macho, lakini inamfanya kila samaki aonekane buluu. Tumia taa nyeupe au mwanga wa mchana usiopiga moja kwa moja kwenye kioo. Halafu nenda kanywe chai. Samaki aliyetoka kushtushwa hupauka, na ukimtazama hapo utamwandika sivyo. Nusu saa inatosha.

Angalia na sakafu ya tangi. Juu ya mchanga mweupe samaki hufifisha rangi zake, juu ya mchanga mweusi hukoleza. Nilipobadilisha mchanga, samaki walewale niliokuwa nao mwaka mzima walinifanya nidhani nimeibiwa nikaletewa wengine.

Mwanga si jambo dogo hata kwao wenyewe. Kule Ziwa Viktoria kuna furu wawili wa karibu, Pundamilia pundamilia ambaye dume lake ni la buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, ambaye dume lake lina wekundu mgongoni. Watafiti waliwaweka majike chini ya taa iliyoficha tofauti ya rangi hizo, majike wakashindwa kumtofautisha dume wao na wa jirani. Ikiwa jike mwenyewe anapotea, sisi je?

Hatua ya 2: Dume au jike, mkubwa au mdogo

Usitaje aina kabla ya kujibu hili. Pseudotropheus saulosi wadogo wote ni manjano. Wakikua, jike hubaki hivyo, dume huwa buluu lenye mistari myeusi. Watu huuza jozi hiyo kama aina mbili.

Madoa ya mayai, yaani vidoa vya duara kama mayai kwenye pezi la chini, ambavyo watu huvichukua kuwa alama ya dume, yasikudanganye, majike wengi wanayo pia. Njia ninayoiamini ni kumgeuza. Lowesha mkono, mshike samaki wa sentimita nane hivi ndani ya wavu, tumbo juu, utazame matundu mawili karibu na pezi la chini. Yakikaribiana ukubwa, ni dume. La nyuma, lililo upande wa mkia, likiwa kubwa zaidi, ni jike. Fanya haraka, umrudishe majini.

Na kuna dume mnyonge. Penye mbabe, dume la pili la kenyi huweza kubaki na rangi ya jike miezi na miezi, ili asipigwe. Mwondoe mbabe uone.

Hatua ya 3: Tazama umbo, mistari na mapezi

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua samaki watatu wa manjano, ambao kila wiki mtu ananitumia picha zao akiuliza ni nani.

Wa kwanza ana pua iliyochongoka kidogo, mdomo mdogo, na utepe mweusi unaofuata pezi la mgongo toka mwanzo hadi mwisho. Ubavuni hana mistari. Huyo ni Labidochromis caeruleus, mpole kwa kipimo cha mbuna. Wa pili ana uso butu, manjano yenye vumbi la kahawia, na ukimtazama kwa ubavu unaona mistari hafifu iliyosimama. Pezi la mgongo halina ule utepe. Huyo ni dume la kenyi, na ukimweka na yule wa kwanza kwenye tangi dogo, kufikia Ijumaa unaokota maiti. Wa tatu ni manjano tupu, mdogo, hana utepe wala mistari: jike la saulosi.

Jina caeruleus, kwa njia, ni Kilatini cha buluu. Ziwani wengi wao ni weupe wenye kubeba ubuluu. Wa manjano tunaowafuga wametokana na kundi dogo la pwani ya magharibi, karibu na Nkhata Bay nchini Malawi. Ukiletewa mweupe, basi, usidhani umeuziwa bandia.

Hatua ya 4: Madoadoa na wenye macho mekundu

Mbuna wa rangi ya chungwa mwenye mabaka meusi yasiyolingana kushoto na kulia yuko kweli ziwani, na wengi wao ni majike. Lakini yule wa jamii ya Aulonocara, sikilidi wa Ziwa Nyasa wasio mbuna, mwenye mabaka hayohayo ametengenezwa na wafugaji kwa kuchanganya aina. Mfuge ukimpenda, ila usimwite wa ziwani.

Zeruzeru mtazame jicho. Likiwa jeusi, ni samaki mweupe tu.

Hatua ya 5: Subiri kabla ya kuandika jina la mahali

Jina kama "Kigoma" nyuma ya frontosa, sikilidi wa Ziwa Tanganyika, lina maana: frontosa wa Kigoma hujulikana kwa mistari saba, wa upande wa Burundi sita. Kwa wengi wengine rangi peke yake haikuonyeshi mahali. Muuzaji akikosa kueleza, andika "asili haijulikani" na usiwazalishe na wa jina lingine.

Kuwa mwangalifu zaidi na Aulonocara wadogo wanaowaka rangi wote. Majike yao ni ya kijivu, kwa hiyo duka zima la wenye kung'aa lina walakini: wapo wanaolishwa homoni. Niliwahi kununua wanane. Baada ya miezi mitatu watano wakarudi kijivu.

Mimi nina daftari la shule, ukurasa kwa kila samaki, picha ya ubavu kila Jumamosi asubuhi kabla ya kulisha. Katika wale sita wa Mombasa, watano nimeshawaandika. Wa sita bado buluu, bado anajificha nyuma ya jiwe, na mbele ya "dume au jike" pana alama ya kuuliza kwa penseli.