Somo: Mradi wa usanifu na mshirika wa mtaani

Walimu wenzangu, miradi mingi ya wanafunzi wetu huharibika siku ya kwanza, kwa kumfuata mshirika, yaani mtu wa mtaani tunayemtengenezea kitu, mchoro ukiwa umeshachorwa. Mfano ninaofundishia ni kiti mwendo cha nyenzo (fimbo za kusukuma kwa mikono) cha MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, kwa kuwa mizizi yake iko kwetu.

Hatua ya 1: Mtu kwanza, wazo baadaye. Mwaka 2005 Amos Winter, akiwa bado mwanafunzi wa MIT, alikuja Tanzania kuangalia watu wanavyotumia viti mwendo. Viti vya kawaida vilichosha kwenye njia mbovu. Baiskeli za kuzungusha kwa mikono zilimudu safari, lakini ndani ya nyumba hazifai. Swali la mradi likapatikana hapo: kiti kimoja kitafaaje njiani na ndani?

Hatua ya 2: Chora kwa vitu alivyonavyo fundi wa pale. Kiti hicho huendeshwa kwa nyenzo mbili. Ukizishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima, ukizishika chini unapata kasi. Mnyororo na gia ni za baiskeli, hivyo fundi baiskeli anaweza kukitengeneza.

Hatua ya 3: Rudi kwa mshirika. Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Kilipojaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009, watumiaji walisema ni kizito, kipana, na ndani kinasumbua. Kikapunguzwa uzito na upana, kikajaribiwa tena Guatemala mwaka 2010. Kwa hiyo tenga wiki za marekebisho kabla ya kupanga kitu kingine chochote. Darasa langu la kwanza lilimtengenezea mama lishe meza ya kukunja, tukaikabidhi siku ya mwisho ya muhula. Hatukurudi kumuuliza kama ilimfaa. Inaniuma hadi leo.

Maswali ya walimu

*Shikamoo mwalimu. Mshirika alipwe?*
Marahaba. Ndiyo. Akija darasani ameacha biashara yake. Mpeni nauli na fidia ya siku hiyo, na mkubaliane mapema.

*Mshirika akiikataa kazi, wanafunzi wanafeli?*
Hapana. Kila mmoja awe na daftari: upande mmoja maneno ya mshirika kama alivyoyasema, upande wa pili mchoro uliobadilika kwa sababu yake. Alama nazitoa humo.

*Muhula wetu ni mfupi mno kwa kurudi mara mbili.*
Basi mradi uwe wa madarasa mawili. Darasa linalomaliza likabidhi madaftari, na lilipeleke linalofuata hadi kwa mshirika, likalitambulishe ana kwa ana.