Oditi ya kazi ya manesi thieta: ingia ndani kwanza, mafaili baadae

Inchaji wengi (manesi wasimamizi) wakiambiwa wafanye oditi, yaani ukaguzi wa kazi, ya thieta kule kwenye upasuaji wanakimbilia kabati la mafaili, wanahesabu fomu ngapi zina tiki, asilimia inatoka nzuri, ripoti inapanda kwa matroni, imeisha hiyo. Ila tiki inakwambia tu kwamba mtu alikuwa na peni. Vaa kofia na maski, tafuta kona usipomzibia njia ranna, yule nesi anayezunguka kuleta vifaa, uangalie.

Ruhusa kwanza, kwa matroni na mganga mfawidhi, alafu waambie wenzako wazi kabisa kwamba kwenye karatasi yako hakuna jina la nesi wala la mgonjwa. Mwanzoni kila mtu atakuwa malaika, ndo mana usikague siku moja ukaridhika. Chukua oparesheni kama 20 au 30 zinazofuatana bila kuchagua na za usiku ziwemo, mana ukishika zile za kupangwa za asubuhi tu utaikosa sizariani (upasuaji wa kuzalisha) ya saa nane usiku iliyokuja na ambulensi toka Pangani, watu wachache, haraka juu ya haraka, na hapo ndo vitu vinaporukwa.

Vipimo visiwe vingi. Chekilisti ya WHO ya usalama wa upasuaji ya 2008 ina vipengele 19, kabla ya ganzi, kabla ya kisu na kabla mgonjwa hajatoka chumbani, na msiseme ni mambo ya Ulaya, Ifakara hapahapa kwetu ilikuwa kati ya hospitali nane zilizoijaribu na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vimeshuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8. We chagua vitano sita: mgonjwa kaulizwa mwenyewe jina lake na anafanyiwa nini, antibayotiki imeingia ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, kiashiria cha ndani ya seti ya vifaa, kinachoonyesha kama vimetakaswa, kimeangaliwa na sio ile tepu ya nje peke yake, hesabu ya gozi isije ikabaki tumboni, makabidhiano. Mimi naongezea jotoridi, kwa joto letu hili la Tanga waliovaa gauni wanataka AC mpaka mwisho na mama wa watu yuko mezani nusu uchi anatetemeka, chini ya nyuzi 36 huyo ameshapoa.

Kwenye gozi usiwe na haraka. Wanatakiwa wawili, skrabu (nesi anayempa dokta vifaa mezani) na ranna, wanahesabu kwa sauti wote macho yako palepale, moja moja, kabla ya kuanza, kabla ya kufunga mfuko wa uzazi kama ni sizariani, kabla ya kufunga tumbo, na tena kwenye ngozi. Utakachokiona sasa: dokta yuko katikati ya kushona, skrabu anasema "gozi sawa", ranna anaitikia toka mlangoni na dripu mkononi. Fomu itasema imehesabiwa. Kwako andika walihesabu wangapi, wakati gani, na idadi ilikuwa ubaoni au kichwani mwa mtu. Na kama gozi mnakata na kukunja wenyewe fungua hilo bando, la kumi linakuwaga na tisa, sasa hesabu ya mwanzo ikiwa ya kusadiki hiyo ya mwisho unailinganisha na nini?

Ukiona hatari oditi weka chini, sema hapohapo.

Makabidhiano ni mepesi kukagua, sikiliza tu nesi wa wodi ameambiwa damu imepotea kiasi gani na dawa ya maumivu imetolewa saa ngapi, au kapewa faili na kuambiwa "yuko salama".

Sasa ndo ufungue mafaili ya wagonjwa walewale. Tuseme faili linasema hesabu ilifanyika kwa wote 30 na we umeona 17, hiyo tofauti ndo ripoti yenyewe. Ipeleke kwa timu kabla haijapanda juu, uliza sababu bila kufoka, pengine ranna mmoja anahudumia vyumba viwili au ubao hauna maka peni toka mwezi uliopita. Rekebisheni moja au mbili, alafu baada ya miezi mitatu rudi na fomu ileile, usiibadilishe hata swali moja.