Jinsi ya Kudai Haki Yako Unapobaguliwa Kazini

Mfanyakazi anayehisi kubaguliwa mara nyingi huanza na swali lisilomfikisha mbali: je, bosi ananichukia? Sheria kwa kawaida haiulizi hivyo. Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1958 na kuridhiwa na nchi nyingi, unaueleza ubaguzi kuwa ni kutofautisha, kutenga au kupendelea watu kwa misingi kama vile rangi, jinsi, dini, maoni ya kisiasa au asili ya kijamii, kiasi cha kuondoa au kupunguza usawa wa fursa katika ajira. Kinachotazamwa ni matokeo. Huna haja ya kuupasua moyo wa mwajiri. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ulitendewa vibaya kuliko mtu mwingine aliye katika hali kama yako, na kwamba tofauti hiyo inahusiana na sababu iliyokatazwa.

Kwa hiyo anza kwa kuitaja sababu yenyewe. Msimamizi anayewafokea wafanyakazi wote bila kuchagua ni mkorofi, na huenda anavunja kanuni nyingine, lakini ukorofi wake hauwi ubaguzi kwa sababu tu unaumiza. Tafuta sheria ya kazi ya nchi yako usome orodha ya misingi iliyokatazwa, kwa kuwa nchi nyingi zimeongeza ulemavu, umri, ujauzito, hali ya ndoa au kuishi na virusi vya UKIMWI. Soma pia kinachoruhusiwa: sharti linalotokana na asili ya kazi yenyewe, kama vile mkalimani kutakiwa kuijua lugha anayoifasiri, si ubaguzi.

Usiishie kwenye ubaguzi ulio wazi. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Griggs dhidi ya Duke Power, ilikataa sharti la cheti cha sekondari na mitihani ya jumla kwa wafanyakazi waliotaka kupanda kazi, kwa sababu masharti hayo yaliwaengua weusi kwa wingi huku mwajiri akishindwa kuonyesha kwamba yanahusiana na utendaji wa kazi. Sharti lilikuwa moja kwa wote, na bado lilikuwa la kibaguzi. Ukiona kanuni mpya inayowaangukia zaidi watu wa kundi lako, uliza kwa maandishi inasaidia nini katika kazi.

Sasa kumbukumbu, na hapa ndipo madai mengi hufa. Siku ileile tukio linapotokea, andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na waliokuwepo. Maneno “alinidharau” hayamsaidii msuluhishi. Maneno “alisema mbele ya wenzangu wawili kwamba mwenye mimba hapewi zamu ya usimamizi” yanamsaidia sana. Hifadhi daftari hilo nje ya ofisi, kwa maana kompyuta ya mwajiri unaweza kufungiwa siku unayosimamishwa. Weka pamoja nakala za mkataba wako, hati za mshahara, tathmini za utendaji, tangazo la nafasi uliyonyimwa na barua zote ulizopokea. Usichukue nyaraka za siri zisizokuhusu, wala usimrekodi mtu kabla ya kujua sheria yako inasemaje, maana ushahidi uliopatikana vibaya unaweza kukugeuka.

Pamoja na kumbukumbu, tafuta mtu wa kujilinganisha naye: aliyepandishwa cheo akiwa na uzoefu mdogo kuliko wako, au aliyefanya kosa kama lako akaonywa tu ilhali wewe ulifukuzwa. Katika suala la mshahara, wigo ni mpana zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unataka wanawake na wanaume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, hivyo unayejilinganisha naye si lazima afanye kazi ileile. Yawezekana mnalingana kwa ujuzi, juhudi na wajibu.

Baada ya hapo andika malalamiko kwa mwajiri, kwa kufuata utaratibu wa ndani kama upo. Barua iwe fupi: eleza matukio kwa mpangilio wa tarehe, taja wazi neno “ubaguzi” na msingi wake, sema unataka nini kifanyike, kisha ubaki na nakala yenye ushahidi wa kupokelewa. Neno hilo lina kazi yake, kwa kuwa ukiadhibiwa baadaye ni rahisi zaidi kuonyesha kwamba unalipiziwa kisasi. Mkataba Namba 158 wa mwaka 1982 unaeleza kuwa kumfungulia mwajiri malalamiko ya kuvunja sheria si sababu halali ya kuachishwa kazi. Kama una chama cha wafanyakazi, kishirikishe kabla ya kikao cha kwanza, si baada yake.

Wakati utaratibu wa ndani ukiendelea, hesabu siku. Muda wa kufungua shauri mara nyingi ni mfupi: Tanzania, anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; nchini Marekani, malalamiko ya ubaguzi hupelekwa kwa tume husika ndani ya siku 180, ingawa katika majimbo mengi muda huongezwa hadi 300. Ahadi ya mwajiri kwamba “tunalishughulikia” kwa kawaida haisimamishi saa hiyo.

Mbele ya msuluhishi au mahakama, nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, humtaka mfanyakazi atoe kwanza mambo yanayoashiria ubaguzi, kisha mzigo wa kuthibitisha humhamia mwajiri. Ukishinda unaweza kupata fidia, kurejeshwa kazini au kupewa nafasi uliyonyimwa, kutegemea sheria yako. Ukiletewa karatasi ya makubaliano ya kuondoka kwa hiari kabla ya hapo, usiisaini siku hiyo. Omba nakala, na mpe mwanasheria au kiongozi wa chama aisome, hasa kile kifungu cha kuacha madai yote.