Kuchambua kinachoamua rufaa za jinai Mbeya na Iringa, hatua kwa hatua

Kila kikao cha Mahakama ya Rufani kikiisha hapa Mbeya, utasikia: "Jopo la safari hii lilikuwa kali." Huenda. Tupime.

Hatua ya 1. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania; hukumu zipo bure. Chukua rufaa zote za jinai zilizosikilizwa Mbeya na Iringa katika miaka uliyochagua. Ukichukua zile zinazonukuliwa sana tu, utakuwa unapima umaarufu.

Hatua ya 2. Fungua Excel, mstari mmoja kwa rufaa moja: kosa, adhabu, wakili yupo au hayupo, majaji watatu, kikao, matokeo.

Kazi iko kwenye matokeo. Usiandike "kashinda" na "kashindwa" ukaishia hapo. Rufaa iliyotupwa (dismissed) hoja zake zimesikilizwa zikakataliwa. Iliyoondolewa (struck out) imekwama kwenye utaratibu, mfano notisi iliyochelewa. Amri ya kesi kusikilizwa upya nayo si kuachiwa huru. Soma amri ya mwisho, kisha mpe mwenzako hukumu kadhaa aziandike bila kuona majibu yako. Mkitofautiana sana, rekebisheni maelezo ya safu kwanza.

Hatua ya 3. Tengeneza jedwali kabla ya modeli ya takwimu. Tuseme wenye wakili wamefaulu asilimia 40, waliojitetea asilimia 25. Usikimbilie kusifu mawakili. Kwenye mauaji mkata rufaa kwa kawaida hupangiwa wakili. Wa ubakaji au unyang'anyi wa kutumia silaha mara nyingi husimama mwenyewe. Tenganisha kwa kosa, ulinganishe tena.

Hatua ya 4. Endesha rigresheni ya lojistiki, modeli inayopima jinsi kila kigezo kinavyohusiana na nafasi ya rufaa kufaulu, kwenye programu ya takwimu ya R kwa amri ya `glm`. Kama zilizofaulu ni 60, usiweke vigezo zaidi ya sita. Rufaa za kikao kimoja aghalabu zina majaji walewale, kwa hiyo kokotoa makosa sanifu (kipimo cha shaka kwenye makadirio) kwa makundi ya vikao.

Hatua ya 5. Soma majibu taratibu. Kwa mfano wetu, uwiano wa odi (waliofaulu gawa kwa wasiofaulu, 40/60 dhidi ya 25/75) ni 2, lakini nafasi ya kufaulu haikuongezeka maradufu: ni kutoka asilimia 25 hadi 40.

Halafu kuna Wakili wa Serikali anayesimama na kuunga mkono rufaa. Ukiweka safu hiyo, itameza karibu athari zote za safu nyingine, maana naye ameona kasoro ileile ya hati ya mashtaka au utambuzi wa mshtakiwa usiku ambayo majaji wataiona. Mimi huendesha modeli mbili, yenye safu hiyo na isiyo nayo, na zote mbili nazionyesha.