Kabla Hujalipia Nyumba Yenye Fremu za Wapangaji

Nyumba ya barabarani Dar es Salaam, fremu (vyumba vya biashara) nne mbele, zote zina watu. Dalali anakwambia pesa inaanza kuingia mwezi huohuo. Tulia kwanza.

Upekuzi, yaani kukagua rekodi za hati ya nyumba, ufanywe na wewe au wakili wako, ofisi ya ardhi, siyo karatasi aliyokuja nayo muuzaji. Utaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio kama lipo. Tazama na muda: hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028. Stakabadhi za kodi ya ardhi uzione kwa macho. Muuzaji ana ndoa? Ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinalinda nyumba ya ndoa, na "mke wangu anajua" haiingii kwenye faili. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021, kwa hiyo nunua umeme kidogo kwa kila mita uone deni linalokatwa.

Sasa wapangaji. Hapa ndipo watu wanapolia.

Fremu hulipiwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka. Tuseme kila moja ni 300,000 kwa mwezi na zote nne zimelipiwa Januari hadi Desemba. Umemaliza kununua mwisho wa Machi. Aprili unapita kudai kodi, unatolewa mkataba na stakabadhi: tumelipa mpaka Desemba, mzee. Miezi tisa mara fremu nne ni 10,800,000, na iko mfukoni kwa muuzaji. Kuwatoa huwezi, maana mkataba halali wa pango haufi kwa sababu nyumba imeuzwa. Wapo wauzaji ambao, wakishajua wanauza, hukusanya hata kodi ya miaka miwili kwa punguzo. Bado kilemba, pesa ya kuachiwa fremu: unayemkuta ndani siye aliye kwenye mkataba, kampa wa kwanza mamilioni, naye anaamini fremu ni yake.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, pita fremu kwa fremu ukiwa na muuzaji na mwenyekiti wa mtaa. Kila mpangaji aandike na kusaini: jina, kodi, amelipa mpaka lini, amana kiasi gani, aliingia kwa mkono wa nani. Piga picha stakabadhi. Kodi ambayo haijatumika, pamoja na amana, ikatwe kwenye bei na iandikwe kwenye mkataba wa mauziano. "Tutaelewana" siyo kipengele. Muuzaji awape wapangaji barua yenye akaunti mpya na tarehe ya kuanza.

Malipo yaende benki kwa benki, kwenye akaunti ya jina lililo kwenye hati. Usimmalizie yote siku ya kusaini. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi wa Tanzania, ni mzigo wa muuzaji, lakini isipolipwa uhamisho haupiti, na muuzaji aliyekwisha kulipwa hapokei simu. Bei iandikwe ya kweli. Ukiishusha kukwepa kodi, mthamini wa serikali ataipandisha, na siku ya kesi utadai hiyo ndogo uliyoandika. Nyumba ya mirathi, omba barua ya usimamizi ya mahakama. Anayeuza kwa niaba ya ndugu aliye nje, mpigie huyo ndugu kwa video. Na ukiambiwa kuna mnunuzi mwingine anakuja jioni, mwache aje.