Kabla hujabeba fleshi kwenda kwa mteja: weka mashine safi ya majaribio

Mtengeneza programu akikuambia "kwangu inafanya kazi", jua hajaijaribu. Kwake lazima ifanye kazi. Kompyuta yake ndiyo iliyoiunda, na ina kila kikorokoro alichosakinisha tangu ainunue. Ninaongea na wewe unayetengeneza programu za stoo na mauzo kisha unazipeleka madukani, iwe Kisumu, Mbale au Bondo. Unahitaji kompyuta ya pili ambayo haijui chochote.

Si lazima uinunue. VirtualBox ni programu ya bure, unda mashine pepe humo, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Ipe RAM gigabaiti 4, basi. Ukiipa 16 unajipendelea. Weka Windows ile aliyo nayo mteja, si ile unayoipenda wewe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kaunta nyingi ninazopitia hazijapata habari. Usiweke Visual Studio, ile ya kuandikia programu, humo. Usiweke Office. Hata brauza nyingine usiweke.

Sasa snapshoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine ilivyo ili uweze kuirudia. Hapa tulia kidogo.

Mimi mashine safi nilikuwa nayo, na hilo ndilo linaloniuma. Jaribio la kwanza, programu ikalia kwamba VCRUNTIME140.dll, faili inayoihitaji ili ifunguke, haipo. Nikapakua lile furushi la Visual C++ ambalo Microsoft huligawa bure, nikalisakinisha humo kwa mkono, programu ikafunguka, nikaenda zangu kula omena. Kulitia ndani ya kifurushi changu cha kusakinishia programu nikasahau. Tangu siku hiyo mashine haikuwa safi tena, na kila toleo nililojaribu humo lilipita.

Wiki tatu baadaye niko Luanda ya Vihiga, duka la pembejeo, msimu wa kupanda, foleni ya watu wa mbolea ya DAP na mbegu imefika nje. Nachomeka fleshi, nasakinisha, nafungua. VCRUNTIME140.dll haipo. Mwenye duka ananiuliza, "Fundi, hiyo ni nini?" Namwambia ni kitu kidogo tu, mama. Nikawasha hotspoti. Kompyuta yake ilikuwa ya biti 64, kwa hiyo nikapakua furushi la x64. Kosa lile lile. Nikazima, nikawasha. Lile lile. Programu yangu ilikuwa ya biti 32, ilitaka furushi la x86. Kinachoamua ni programu, si kompyuta. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Lakini ukisimama nyuma ya kaunta, jasho linakutoka, na mtu anakuuliza wewe bei ya dawa ya minyoo ya ng'ombe, hujui chochote. Data ya simu ikaisha. Mama akavuta kitabu chake cha risiti, akaniambia kwa upole, "Utairudisha ikishapona." Nauli ya kurudi Kisumu nilijilipia.

Kwa hiyo: Windows ikimaliza tu kusakinishwa, kabla hujagusa kitu, piga snapshoti na uiite SAFI. Kila jaribio lianzie hapo. Imeshindikana? Usiitibu humo ndani. Toka, rekebisha kifurushi chenyewe, irudishe mashine kwenye SAFI, anza upya. Ni dakika chache. Ukishasakinisha kitu humo kwa mkono hata mara moja, majibu yote yanayofuata ni ya uongo.

Ukijaribu, kata intaneti ya mashine pepe. Kuna vifurushi vinavyovuta vitu mtandaoni kimyakimya, na dukani hakuna wifi.

Fungua akaunti mbili, ya msimamizi na ya mtumiaji wa kawaida. Sakinisha kwa ile ya kwanza, tumia kwa ya pili. Programu ya kizamani ya biti 32 ikijaribu kuandika data ndani ya Program Files, Windows inaweza kuipeleka data hiyo kwenye VirtualStore, folda ya pembeni ya mtumiaji huyo peke yake. Keshia wa asubuhi anaingiza mauzo, wa jioni anafungua kwa akaunti yake anakuta sufuri, na hapo ndipo mtu huitwa mwizi.

Angalia tarehe. Windows iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi, na 03/04 kwenye dawa ya mifugo si jambo la kubahatisha. Sakinisha toleo jipya juu ya la zamani uone kama data imebaki. Iondoe kabisa uone pia imeacha nini.

Nakili mashine nzima kwenye diski ya nje, stima ya huku unaijua. Fleshi iliyopita cyber kuprinti invoisi usiichomeke kwa mteja. Beba x86 na x64 zote mbili hata kama una hakika ziko ndani ya kifurushi. Chaji laptopu. Nunua data kabla hujapanda matatu.