Kifaa cha zamani hakijafa, tafuta kilichokufa ndani yake

Nina laptop ya mwaka 2010, redio kaseti, kamera ya dijitali ya zamani na simu tatu ambazo watu walishaziita takataka, na zote zinafanya kazi mpaka leo, sio lazima kazi ile ile zilizotengenezewa lakini zinafanya. Kitu nilichojifunza kwa kukaa nazo ni kwamba kifaa hakifi chote kwa mpigo. Kinakufa kipande kimoja, tena mara nyingi kipande kidogo tu, betri, mpira, waya wa chaja, au tatizo liko nje kabisa, kifaa ni kizima ila dunia iliyokizunguka imebadilika. Kwa hiyo kabla hujatupa jiulize kwanza, hapa kilichokufa ni nini hasa?

Anza na umeme siku zote. Kama adapta yake imepotea na unataka kutumia nyingine, geuza kifaa usome kile kibandiko cha chini. Volti lazima zilingane, imeandikwa 9V basi weka 9V, usijaribu 12V eti kidogo tu. Ampea ni tofauti, za adapta zikizidi hakuna shida maana kifaa kinachukua kile kinachohitaji, zikipungua ndio adapta inachemka. Halafu kuna kile kialama kidogo cha duara chenye nukta katikati na + na - pembeni, hicho watu wengi wanakipita na ndicho kinachounguza vifaa, manake kuna vyenye chanya katikati na kuna vyenye hasi katikati, na plagi zinaweza kuingia sawasawa kabisa huku ndani umeme uko kinyume. Kisome mara mbili ndio uchomeke.

Ukifungua mfuniko wa betri za kawaida ukakuta unga mweupe au wa kijani kijani, usikate tamaa, betri za alkali zimevuja tu. Vaa glavu, toa betri, chovya pamba ya masikioni kwenye siki kidogo upanguse pale, siki inaua ile alkali, kisha pangusa tena na spiriti na uache pakauke vizuri. Mara nyingi kinawaka. Na kuanzia hapo kifaa usichokitumia usikiache na betri ndani.

Betri za lithiamu ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ukiona mgongo wa simu umeinuka, au kioo kinaachana na bodi, au padi ya kipanya ya laptop imekuwa ngumu kubonyea, hiyo betri imevimba. Usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Mpe fundi aitoe na ipelekwe wanapokusanya betri chakavu, hakuna simu yenye thamani ya kuchoma nyumba. Kwa betri ambazo bado nzima, ukitaka kuweka kifaa kabatini kiache na chaji kama nusu hivi, sehemu yenye ubaridi, na kila baada ya miezi michache kiangalie. Na wale mnaogeuza simu ya zamani kuwa kamera ya kulinda mlango au saa ya ukutani, msiiache kwenye chaja usiku na mchana, kukaa 100% na joto muda wote ndio kunavimbisha betri. Weka plagi yenye saa ya kujizima, ichaji kwa muda halafu ikate.

Sasa saa. Hii laptop yangu siku moja iligoma kufungua tovuti yoyote, kila ukurasa unaniambia muunganisho sio salama, nikabadilisha brauza, nikafuta kila kitu nikaanza upya, siku mbili zimepita, mpaka nilipoangalia pembeni chini nikaona tarehe inasoma 2010. Tovuti zina vyeti vya kuthibitisha kwamba ni zenyewe, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, sasa kompyuta ikiamini tuko 2010 inaona vyeti vyote bado havijaanza, inavikataa. Kilichokufa kilikuwa ile betri ndogo ya duara kama sarafu iliyo kwenye bodi, CR2032, ya volti 3. Kubadilisha ni dakika chache kama unajua kushika bisibisi.

Kama tarehe iko sawa na bado tovuti zinagoma, basi kifaa chenyewe kina orodha ya zamani ya vyeti vikuu, vile kinavyotumia kuhakiki vyeti vya tovuti. Tarehe 30 Septemba 2021 kuna cheti kikuu kinaitwa DST Root CA X3 kiliisha muda, na vifaa vingi ambavyo havikuwa vimepata apdeti vikaanza kukataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka vizuri. Dawa ya kwanza ni kujaribu brauza ya Firefox, yenyewe inatembea na vyeti vyake, haitegemei vya mfumo, tafuta toleo la mwisho linalokubali mfumo wako.

Ila kufungua tovuti sio sawa na kuwa salama. Windows 10 iliacha kupata apdeti za kawaida 14 Oktoba 2025, Windows 7 tangu Januari 2020. Mimi sheria yangu ni kwamba kifaa kisichopata apdeti hakiguswi na benki wala barua pepe. Watu wanakumbuka benki wanasahau barua pepe, kumbe aliyeingia kwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha maneno ya siri ya kila kitu kingine. Kipe kazi isiyohitaji siri: kusikiliza muziki, kusoma vitabu, kuandika, watoto kujifunzia kuchapa. Simu isiyokubali tena WhatsApp (mwishoni mwa 2023 ilianza kutaka Android 5.0 kwenda juu) bado ni redio, tochi, kinasa sauti na kamera.

Kompyuta ina njia zaidi. Kitu kimoja kilichobadilisha laptop yangu kuliko vyote ni kutoa diski ile inayozunguka nikaweka SSD ya SATA (diski isiyo na kitu kinachozunguka), yaani kuwaka kulikuwa kunachukua muda wa kwenda kuoga na kurudi. Kisha nikaweka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, uone kama Wi-Fi, sauti na kioo vinashika. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ukiongeza, angalia aina, DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3 hata usukume vipi.

Kifaa kisichoona Wi-Fi yako wakati simu mpya inaiona, mara nyingi shida iko kwenye mipangilio ya ruta. Vingi vya zamani vinajua masafa ya 2.4GHz tu na havijui WPA3, ule ulinzi mpya wa Wi-Fi. Washa mtandao wa wageni, uweke 2.4GHz na WPA2, vifaa vyote vya kizamani vikae huko mbali na kompyuta yako ya kazi. Kile kinachojua WEP peke yake, ulinzi wa kizamani ulio dhaifu, kikose tu mtandao, usishushe ulinzi wa nyumba nzima kwa ajili yake.

Kamera ikikataa memori kadi, soma nembo kwenye kadi na kwenye kamera. SD ya mwanzo inaishia 2GB, SDHC 32GB, juu ya hapo ni SDXC, na kamera ya zamani mara nyingi haitasoma kadi iliyo juu ya kizazi chake. Tafuta kadi ndogo uifomati ndani ya kamera yenyewe.

Redio kaseti ukisikia mota inalia lakini kaseti haizunguki au inaimba kwa sauti ya kulewa, ni belti ya mpira imelegea au imeyeyuka ikawa kama lami. Pangusa ile lami yote kwa spiriti, weka belti mpya ya kipimo hicho hicho, na ukiwa hapo safisha na kichwa cha kusomea. TV za kioo kinene lakini usizifungue, hata zikiwa zimechomolewa ule mrija unaweza kubaki na maelfu ya volti, hiyo mwachie fundi anayezijua.

Na kama una kanda za VHS zenye watu wako, hizo zisisubiri. Funai, waliobaki kutengeneza deki, waliacha Julai 2016, kwa hiyo deki uliyonayo haina mrithi. Tafuta kifaa cha kunasa video cha USB, unganisha zile waya za njano, nyeupe na nyekundu kwenye kompyuta (hakikisha ni cha kuingiza AV, sio cha kutoa HDMI kwenda AV, vinafanana sana). Jaribu deki kwanza na kanda usiyoijali, icheze mpaka mwisho na kuirudisha nyuma. Isipotafuna, ndio uweke ile ya harusi.